Shubiri Fupi

Chini ya Nguba, pale ziwa linapobanwa mabega
na kuanza kuitwa Ruzizi,
ndipo ilipo karakana yetu: nguzo sita za mkalitusi,
bati lililotoboka, maranda hadi vifundoni.
Maji hapa bado hayajaamua.
Ukitupa kipande cha ubao kinazunguka kwanza,
kama mgeni anayetafuta mlango,
halafu kinashika njia ya daraja, kinaondoka.

Koko Zihindula alikatwa kidole cha mwisho na msumeno
mwaka baba yangu alipoota meno.
Hakubadili hesabu.
Alipima vilevile, kutoka gumba hadi pale
kidole kilipoishia, akasema: moja.
Chombo cha shubiri arobaini
kikatoka pungufu kwa hatua nzima.
Wateja walinung'unika. Mmoja alidai mbao zake.
Kisha upepo wa Idjwi ukawakuta katikati ya ziwa usiku,
na kile kifupi ndicho kilichogeuka.

Baba alikuwa na vidole vyote kumi.
Kila alipopima alikunja cha mwisho
akakibana kiganjani, kama mtu anayeficha sarafu.
Hakuwahi kunieleza.
Nilidhani ni ugonjwa.

Mwezi huu Mama Nankafu ameleta chombo chake cha sambaza.
Ubavuni kimeandikwa ASIYEJUA AULIZE,
herufi Z imegeuzwa, ni kazi ya koko, hakusoma sana.
Mbao tatu zimeoza. Mkuku mzima.
Kaka yangu Murhula amesimama na simu yake:
"Piga bati juu, chukua dola zako, nani atachungulia ndani?
Boti za chuma zimekula kila kitu,
wewe unabembeleza kuni."
Simjibu. Mdomo wangu umejaa misumari.

Nimeng'oa ubao wa kwanza kwa patasi.
Harufu iliyotoka ni ya mawese ya zamani,
pamba, moshi, na jasho la mtu nisiyemfahamu.
Nyuma ya taruma la tatu kuna mistari ya penseli,
mmoja, nafasi, mmoja, nafasi,
na penye mstari wa saba doa jeusi.
Damu au lami, sijui. Sikulikwangua.

Nikaweka mkono wangu pale.
Mkono wa mwanamke, fundi wa libuyu sokoni Kadutu
huutazama kabla hajanitajia bei.
Nikaufungua wote, gumba hadi cha mwisho.
Ukatua kwenye mstari, sawasawa.
Nikarudia kwenye mstari wa pili. Wa tatu.
Sikukunja kitu.

Nilikaa chini kidogo.
Murhula akauliza kama nimejichoma.

Tumepiga mbao mpya, tumeziba kwa kalafati,
lami imechemka katika kopo la maziwa,
chupa za plastiki zimetuletewa na maji kama kawaida,
nyingine nimezikata kuwa vibakuli vya misumari.
Alhamisi watu wanane walikisukuma,
mmoja akipiga kelele bila kusukuma,
lazima awepo.

Saa hiyohiyo maji yakaingia.
Mama Nankafu akashika kiuno:
"Binti wa Cirhuza, kinavuja!"
"Kinakunywa," nikamwambia.
"Mbao zilikaa nchi kavu miezi miwili.
Ziache zinywe mpaka zikutane."
Alinitazama kama anayehesabu pesa zake upya.
Akavua viatu, akakaa jiweni kusubiri.

Siku ya kwanza nilikumba maji ndoo kumi na tisa.
Ya pili, sita.
Leo asubuhi nimeinama ndani na kikombe.
Kuna maji kidogo tu, ya kunawa uso,
na ndani yake kisambaza kimoja, hai,
sijui kilipitia wapi.